MAJI YA MOTO YANAPOKATAA KUTOKA
Somo kwa kamati za miradi za sharika: kutambua matatizo ya hita za maji za jua na za umeme



Katika toleo hili tumeona vema kutoa somo juu ya kifaa ambacho sasa kinapatikana katika zahanati, hosteli na nyumba za wageni nyingi, nacho ni hita ya kuchemshia maji. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 nyumba za wageni zimeongezeka, na hita pia zimeongezeka. Lakini barua zinazotufikia ofisini kuhusu hita karibu zote zina sentensi moja: “Hita imeharibika, tunaomba msaada wa kununua nyingine.” Tumejifunza, tena kwa aibu, kwamba sentensi hiyo mara nyingi si kweli. Hita haijaharibika. Kuna kitu kidogo ambacho hakuna mtu aliyekiangalia.

TULIYOYAONA KATIKA ZAHANATI MOJA

Juni mwaka jana tulitembelea zahanati moja iliyo chini ya usharika wa kijijini. Jina lake hatutalitaja, maana kosa tutakalolieleza lilikuwa letu sisi wa ofisi ya miradi kuliko lao. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Upepo wa kipupwe ulikuwa mkali, na kila mtu alikuwa amejifunga shuka. Nyuma ya wodi ya wazazi tuliwakuta bibi wawili wakipuliza moto wa kuni chini ya sufuria kubwa, wakiwachemshia maji binti zao waliojifungua usiku ule. Juu ya paa, hatua kama kumi kutoka pale, palikuwa na hita ya jua ya lita 200 iliyonunuliwa kwa sadaka za watu.

Tulimwuliza bibi mmoja kwa nini hawatumii maji ya hita. Akajibu bila kuinua macho: “Hayo ya juu, wanangu, ni ya wageni kuangalia.”

Neno hilo lilituchoma. Katika ripoti yetu ya robo mwaka iliyopita tulikuwa tumewaandikia wafadhili kwamba mradi wa maji ya moto “umekamilika”, na tukaambatanisha picha ya hita iking'aa juu ya paa. Kupiga picha tulipiga; kufungua koki na kuweka mkono chini ya maji hatukufanya. Wakati huo huo kamati ya zahanati ilikuwa imekwisha kuandaa barua ya kuomba hita mpya.

Tulikaa pale siku mbili pamoja na fundi. Tulipata sababu tatu. Ya kwanza, sinia la kukusanyia joto lilikuwa limeelekezwa kusini na kuinuliwa nyuzi 45. Fundi aliyelifunga alifuata karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya sanduku, nayo iliandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya dunia ambako jua hukaa upande wa kusini. Ya pili, kioo kilikuwa na vumbi jekundu lililogandamana. Ya tatu, katika bafu la wafanyakazi palikuwa na koki mbili, ya moto na ya baridi, zinazokutana kwenye bomba moja la shawa. Zote ziliachwa wazi na shawa ikafungwa kwa chini. Maji ya baridi yalikuwa yakisukumwa kuingia katika bomba la moto, hivyo kila koki ya moto katika jengo ilitoa maji vuguvugu.

Siku ya kwanza saa kumi jioni tulipima maji kwa kipimajoto: nyuzi 31. Tuligeuza fremu kuelekea kaskazini, tukaishusha, tukaosha kioo, tukafunga zile koki. Kesho yake saa kumi jioni tulipata nyuzi 57. Gharama yote ilikuwa ujira wa fundi wa siku mbili na vipande vichache vya bomba. Ile barua ya kuomba hita mpya haikutumwa.

Ndugu wasomaji, kutokana na hayo tumeandaa somo hili ili kila kamati iweze kujipima yenyewe kabla ya kuandika barua.

1. JUA KWANZA MNA HITA YA AINA GANI

Katika eneo letu kuna aina tatu kubwa.

(a) Hita ya jua. Ina tangi juu na sinia la kioo chini yake, au badala ya sinia ina mirija ya kioo iliyopangwa safu. Haina pampu. Maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda kuingia tangini, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo huendelea wenyewe maadamu jua linawaka.

(b) Hita ya umeme yenye tangi, ya lita 15 hadi 100 au zaidi, iliyotundikwa ukutani. Ndani yake kuna koili inayochemsha maji, na themostati inayokata umeme maji yakifikia joto lililowekwa.

(c) Hita ya papo kwa papo, ile inayofungwa kwenye shawa yenyewe. Haina tangi, huchemsha maji yanapopita.

Andikeni aina, ujazo wa lita na wati zake katika daftari la kamati. Maelezo hayo yapo kwenye kibandiko ubavuni mwa hita. Bila hayo, fundi akija hawezi kuleta kipuri sahihi, na ninyi hamwezi kumhoji.

2. MASWALI MATANO KABLA YA KUMWITA FUNDI

Mganga mzuri huuliza kabla ya kutoa dawa. Kamati nayo iulize:

Je, maji ya baridi yanatoka kwa nguvu ya kawaida? Kama simtanki ni tupu kwa sababu ya mgao, hita haina kosa.

Je, tatizo liko kwenye koki zote za moto au moja tu? Likiwa moja tu, tafuta kwenye koki hiyo. Likiwa zote, tafuta kwenye hita au bomba kuu.

Je, hakuna maji ya moto kabisa, au yapo lakini yanakwisha upesi? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Je, tatizo lilianza lini, na siku hiyo kulifanyika nini? Mara nyingi utasikia: “Lilianza baada ya fundi kubadili koki,” au “baada ya umeme kukatika na kurudi.”

Je, ni wakati wote au ni asubuhi tu? Hita ya jua inayotoa maji ya moto jioni na baridi alfajiri inakusanya joto vizuri, ila inalipoteza usiku.

3. HITA YA JUA: MAHALI PA KUANGALIA

Mwelekeo. Mji wa Dodoma uko nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta. Mwezi Juni, adhuhuri, jua letu hukaa upande wa kaskazini, karibu nyuzi 30 kutoka utosini. Mwezi Desemba huvuka na kukaa kusini, nyuzi 17 hivi. Kwa kuwa maji ya moto yanahitajika zaidi Juni na Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 13 au 14, sinia lielekee kaskazini na liinuliwe kati ya nyuzi 15 na 25. Lile la zahanati yetu, likiwa limegeukia kusini kwa nyuzi 45, lilipokea miale ya adhuhuri ya Juni kwa ubavu tu, karibu robo ya ile ambayo lingepokea kama lingelikabili jua. Wala lisilazwe kabisa kama meza, kwa kuwa maji ya moto yanahitaji mteremko ili yapande.

Kivuli. Simama karibu na hita saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Kivuli cha mwarobaini, cha simtanki au cha ukuta kisiguse kioo katika muda huo. Mti uliokuwa mche wakati hita inafungwa sasa huenda umelipita paa.

Vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa nyanda zetu hubeba vumbi jingi. Kioo kifutwe kila wiki mbili kwa kitambaa na maji, asubuhi na mapema kikiwa bado baridi. Maji ya baridi yakimwagwa kwenye kioo cha moto adhuhuri, kioo hupasuka.

Mzunguko. Adhuhuri ya siku ya jua, gusa kwa uangalifu bomba linalotoka juu ya sinia kwenda tangini, kisha lile linalorudi chini. La juu linapaswa kuwa na joto kali kuliko la chini. Kama sinia linaunguza lakini tangi ni baridi, maji hayazunguki: ama kuna hewa iliyonaswa kwenye bomba, ama chokaa imeziba, ama maji tangini yamepungua chini ya tundu la bomba la juu. Hewa hunaswa sana baada ya mgao wa maji. Bomba kati ya sinia na tangi lipande mfululizo. Pakiwa na kibonde au kilima, hewa itakaa hapo.

Joto la usiku. Katika hita za sinia ambazo tangi limefungwa peke yake, sakafu ya tangi iwe juu ya ncha ya juu ya sinia kwa sentimita 30 hivi. Tangi likiwa chini mno, usiku mzunguko hugeuka: maji ya moto hushuka kwenye sinia na kupoa. Angalieni pia kama ganda la kuhifadhi joto limelowa au limeng'olewa, na kama mabomba ya nje hayakuvikwa kitu.

Mirija ya kioo. Kila mrija una ncha ya chini yenye rangi ya fedha. Rangi hiyo ikigeuka nyeupe kama maziwa, ujue hewa imeingia kati ya kuta mbili za mrija na hautunzi joto tena. Badilisha mrija huo tu, si hita nzima. Aidha, mirija ikikaa bila maji juani hupata joto la nyuzi zaidi ya 200. Maji ya baridi yakiingia ghafla, hupasuka. Hivyo basi, tangi likikauka kwa mgao, lijazwe alfajiri au usiku, kamwe si mchana.

Umeme wa akiba. Hita nyingi za jua zina koili ya umeme kwa siku za mawingu. Ikiachwa imewashwa siku nzima, umeme huchemsha maji kabla ya jua kufika, na usharika hulipia kile ambacho jua lingewapa bure. Iwashwe jioni tu, na iwapo maji hayakupata joto.

4. HITA YA UMEME: MAHALI PA KUANGALIA

Hakuna joto kabisa. Anza na mita ya LUKU na sakiti breka ya hita. Kama breka imeshuka, ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, iache, mwite fundi umeme. Inawaambia kuna hatari. Kama breka iko sawa, zimeni vifaa vingine vyote, washeni hita na tazameni taa ndogo inayopepesa kwenye mita. Ikipepesa kwa kasi, koili inakula umeme, kwa hiyo tafuteni tatizo kwenye maji. Isipopepesa, na maji ni baridi, basi koili imekatika, au themostati imekufa, au kile kitufe cha usalama kimejikata kwa sababu maji yalizidi joto. Fundi anaweza kukirudisha kitufe hicho, lakini aeleze kwanza kwa nini kilijikata. Fundi huyo pia apime koili kwa mita yake umeme ukiwa umezimwa: koili ya wati 1,500 inayotumia volti 230 husoma omu 35 hivi, ya wati 3,000 omu 18 hivi. Kati ya koili na bati la tangi pasiwe na mawasiliano yoyote.

Joto dogo au la kuchelewa. Hapa wengi wetu tunamlaumu mtengenezaji bure. Kuchemsha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji yuniti 2.3 hivi za umeme. Kwa koili ya wati 1,500 ni saa moja na nusu. Lakini volti zikishuka, nguvu ya koili hushuka zaidi kuliko volti zenyewe. Badala ya 230 mkiwa na volti 180, koili hutoa asilimia 61 tu ya nguvu yake, na saa moja na nusu huwa karibu saa mbili na nusu. Kwa walio mwishoni mwa laini, jioni wakati kila nyumba imewasha taa, hita haina kosa. Washeni mapema, saa tisa alasiri.

Maji ya moto yanakwisha haraka. Angalieni kama maji ya baridi yanaingia chini ya tangi kama inavyotakiwa, au kama fundi alibadilisha mabomba. Angalieni pia zile koki zinazokutana, kama katika zahanati yetu. Namna ya kutambua ni rahisi: funga valvu ya maji ya baridi inayoingia kwenye hita, kisha fungua koki ya moto. Maji yakiendelea kutoka, yanatoka kwenye bomba la baridi kupitia njia isiyo halali.

Maji yanachelewa kufika. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 hubeba lita mbili na nusu hivi. Maji hayo yote hupoa ndani ya bomba, na lazima yatoke kwanza. Kijijini kwetu, ambako ndoo ya maji ina bei, wekeni ndoo chini ya koki kuyakinga. Mkijenga upya, hita iwe karibu na wodi ya wazazi, si karibu na ofisi ya mganga.

Hita ya papo kwa papo. Hii hula umeme mwingi kwa mara moja. Ya wati 5,500 inahitaji ampea 25, hivyo iwe na waya wake peke yake, mnene, milimita 4 za mraba au 6, na breka yake. Tumeona moja iliyounganishwa kwenye waya wa soketi. Plastiki iliyeyuka ndani ya ukuta. Shawa ya namna hii isipopashwa joto, mara nyingi nguvu ya maji ni ndogo mno kuwasha swichi yake ya ndani. Inueni simtanki, au safisheni matundu ya shawa yaliyozibwa na chokaa.

5. MAJI YETU NA CHOKAA

Kila mkaazi wa nyanda za kati anajua ladha ya maji yetu. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima virefu vya Makutupora, na sharika nyingi za vijijini nazo zinakunywa maji ya visima. Maji yanayokaa ardhini huyeyusha chokaa na magadi kutoka kwenye mawe. Yakichemshwa, hasa yakipita nyuzi 60, chokaa hujitenga na kuganda kama ukoko mweupe, ule ule mnaouona ndani ya birika.

Ukoko huo ukivika koili, joto haliendi kwenye maji. Koili hujiunguza yenyewe. Dalili zake ni hita kunguruma au kutoa mlio kama wa bisi, maji kuchelewa kupata moto, na vipande vyeupe kutoka kwenye koki. Tiba yake ni hii: zima umeme, funga maji, mwaga maji yote ya tangi, toa koili, iloweke katika siki usiku kucha, kisha uisugue taratibu. Kwangua na kuosha sakafu ya tangi. Msitumie maji ya betri. Kabla ya kuwasha tena, jaza tangi hadi maji yatoke kwenye koki ya moto bila kukohoa. Koili ikiwashwa katika tangi tupu huungua kwa muda mfupi sana.

Ndani ya tangi la chuma kuna pia fimbo ya magnesiamu. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Fimbo ikiisha, maji ya chumvi huanza kulila tangi lenyewe. Ikaguliwe kila mwaka, na ikibaki waya mtupu, ibadilishwe. Fimbo ni bei ndogo, tangi ni bei kubwa.

6. MAMBO YASIYO NA MZAHA

Valvu ya usalama. Maji yakipashwa joto hupanuka. Tangi la lita 50 likitoka nyuzi 20 hadi 60 linahitaji kutoa nje karibu robo tatu ya lita. Ndiyo maana valvu ndogo chini ya hita hudondosha matone wakati wa kuchemsha. Tumewahi kukuta valvu hiyo imezibwa kwa kijiti na mpira wa ndani wa baiskeli “ili isipoteze maji”. Wapendwa, hilo ni bomu. Themostati ikifa na valvu ikiwa imezibwa, tangi linaweza kupasuka na kubomoa ukuta. Fungeni kibomba cha kupeleka matone nje, na kila mwezi inueni kishikio chake kuhakikisha haijaganda kwa chokaa. Ikidondosha mchana kutwa hata hita ikiwa imezimwa, ibadilisheni.

Waya wa ethi. Mtu akisema anahisi “kutekenywa” anaposhika koki, zimeni hita wakati huo huo kwenye breka na msiiwashe hadi fundi mwenye leseni aipime. Kila hita iwe na waya wa ethi unaofika kwenye nondo iliyozikwa ardhini. Katika kiangazi chetu udongo hukauka sana, na ethi huwa dhaifu. Fundi aipime mwezi wa Septemba, si wakati wa masika tu.

Kuungua. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Lakini tangi nalo lisiwekwe chini sana, kwa kuwa bakteria hustawi katika maji vuguvugu yaliyotuama. Wekeni nyuzi 60 tangini, kisha changanyeni na maji ya baridi. Kwa mtoto, tieni maji ya baridi kwanza kwenye beseni, kisha ya moto, na mama apime kwa kiwiko. Tukumbushe pia kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto mchanga asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Maji ya moto ya siku ya kwanza ni ya mama na ya usafi wa wodi.

Mabomba. Bomba la kawaida la PVC halifai kwa maji ya moto. Hulegea na viungo huachia. Tumieni bomba lililotengenezwa kwa ajili ya maji ya moto, kama PPR au chuma.

7. WAKATI HITA HAINA KOSA, BALI HESABU

Hosteli moja ilitulalamikia kwamba hita yao ya jua ya lita 100 “haina nguvu”. Wanafunzi walikuwa 40. Tuliketi na kamati tukapiga hesabu ubaoni. Ndoo ya lita 20 ya kuogea, kwa maji ya nyuzi 40, ni lita 10 za maji ya nyuzi 60 na lita 10 za baridi. Basi lita 100 ni ndoo 10. Wanafunzi 10 wa kwanza wanaoga vizuri, 30 waliobaki wanalalamika. Hakuna fundi anayeweza kutengeneza hilo.

Hesabu ya jua nayo ni hivyo. Katika nyanda zetu mita moja ya mraba hupokea kati ya yuniti 5 na 6 za nishati kwa siku ya kawaida. Sinia hukamata karibu nusu yake. Sinia la mita mbili za mraba basi litachemsha lita 110 hadi 120 kufikia nyuzi 60 kwa siku, si zaidi. Anayewauzia sinia hilo na tangi la lita 300 amewauzia tangi la maji vuguvugu.

Kwa nini tunajali hesabu hizi? Kwa sababu maji ya hita yakikosekana, watu hawaachi kuoga wala kujifungua. Wanarudi kwenye kuni. Mkoa wetu unajua vizuri gharama ya kuni; mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ardhi ilikuwa imebaki uchi. Na anayebeba mzigo wa kuni ni yule bibi mwenye umri wa kupumzika.

8. DAFTARI LA HITA

Tunapendekeza kila kamati ichague mtu mmoja, tena aishi karibu, awe mlezi wa hita. Apewe kipimajoto na daftari. Kila Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni, aandike joto la maji kwenye koki ya mbali kabisa. Joto likianza kushuka wiki hadi wiki, mtajua mapema kabla ya kuwa baridi.

Kila wiki mbili: kufuta kioo. Kila mwezi: kuinua kishikio cha valvu ya usalama na kukagua mivujo. Ile koki ya moto inayodondosha usiku kucha, kingeni ndoo muone imepoteza lita ngapi zilizochemshwa. Kila mwaka, mwezi wa Mei kabla ya baridi: kumwaga tangi, kuondoa chokaa, kukagua fimbo, waya na ethi.

Aidha, katika bajeti ya mwaka kuwe na fungu la matengenezo, hata kama ni dogo. Kifaa kilichotolewa zawadi hakina fungu lake la kipuri. Fungu hilo ni letu.

Kwa upande wetu, ofisi ya miradi imebadili fomu ya kukabidhi. Sasa hakuna mradi wa maji ya moto utakaoandikwa “umekamilika” kwa kutumia picha. Fomu ina mistari ya joto la maji kwa siku saba mfululizo, na sahihi ya muuguzi au mlezi wa hosteli, yaani anayeyatumia maji. Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: ripoti ile ya kwanza haikuwa sahihi, tumewaandikia kuirekebisha, na tunashukuru kwamba mliipokea barua hiyo kwa upole.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Hita yetu ni ya aina gani, lita ngapi, wati ngapi? Nani anajua bila kupanda juu kusoma?
2. Sinia letu linaelekea wapi? Twendeni nje tukaangalie sasa hivi.
3. Je, ndoo ngapi zinahitajika kwa siku, na hita yetu inatoa ndoo ngapi?
4. Valvu ya usalama iko wapi, na mara ya mwisho iliinuliwa lini?
5. Ni nani bado anachemsha maji kwa kuni katika eneo letu? Je, tumemwuliza kwa nini?

Swali la tano msiliruke. Sisi tungeliuliza mapema, tusingehitaji kufundishwa na bibi mbele ya moto wake. Mwezi wa Agosti tulipopita tena pale tulimkuta bibi mwingine amekaa kibarazani asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Tulipomwuliza maji ya kuogea binti yake yako wapi, alionyesha koki kwa kidevu, akaendelea kunywa chai.

Tunawatakia utekelezaji mwema. Kamati yoyote itakayopima hita yake kwa siku saba na kuona joto halifiki nyuzi 45 saa kumi jioni, itutumie nakala ya daftari lake. Tutakuja na fundi, na safari hii tutaanza kwa kufungua koki.